Maktaba ya bure ya sheria ya kimataifa: miaka miwili naitumia hapa Kigoma

Naanza na bei, maana najua ndilo swali la kwanza: ni bure. Si ile bure ya wiki moja halafu unaombwa namba ya kadi, wala bure ya kurasa tatu za mwanzo. Hakuna kujiandikisha, hakuna neno la siri. Unaandika legal.un.org/avl kwenye simu, unaingia, unasoma, unapakua, unatoka. Jina lake ni United Nations Audiovisual Library of International Law, yaani maktaba ya sauti na picha ya sheria ya kimataifa ya Umoja wa Mataifa. Ilifunguliwa mwaka 2008. Wanaoiendesha ni watu wa ofisi ya sheria ya Umoja wa Mataifa, idara ile ile ambayo ndiyo sekretarieti ya Tume ya Sheria ya Kimataifa, chombo kinachoandaa rasimu za mikataba mingi. Kwa hiyo unaazima kitabu kwa watu waliokuwapo kikiandikwa.

Mimi ni wakili wa kujitegemea, Kigoma mjini. Siku zangu zinaishia kwenye mirathi, mipaka ya viwanja na kesi za mikopo. Lakini kila likizo wanafunzi watatu wanne wa sheria wanaorudi kutoka vyuoni huja barazani kwangu jioni, jua likishapunguza makali, tukasoma. Somo linalowatoa jasho kuliko yote ni sheria ya kimataifa. Wanaikariri kama orodha ya miaka: Vienna 1961, Vienna 1963, Vienna 1969. Ukiwauliza nani aliandika, kimya. Ukiwauliza nani alikataa na kwa nini, kimya zaidi. Wanaona mikataba imeshuka kutoka mahali fulani juu ikiwa imekamilika, na kazi ya Mwafrika ni kusaini chini. Nilikuwa natafuta kitu cha kuwatoa kwenye fikra hiyo. Nimekipata, ndiyo maana naandika kwa kirefu.

Kabla ya hapo nilijaribu njia nyingine. Nililipia kopi ya kitabu cha mikataba kwenye duka moja la steshenari ambalo sitalitaja. Kitabu kinene, kimebanwa vizuri kwa springi, jalada la plastiki. Tulipofika kwenye Mkataba wa Sheria ya Bahari wa 1982, Sehemu ya Tano haimo. Kutoka ibara ya 54 unakutana na ya 76. Sura nzima ya ukanda wa kiuchumi wa bahari, ile ya maili 200 na samaki waliomo, hakuna. Binti mmoja alikuwa ameazima kitabu hicho kwangu akasomee mtihani, na swali la sehemu hiyo likatoka. Niliumia sana, maana mimi ndiye niliyemkabidhi. Sasa hivi nawaelekeza kwenye maktaba hii, ambako kuna mkusanyo wa mikataba uliotolewa mwaka 2017, vitabu vinne vizima, unapakua bila senti. Nimeukagua sehemu hiyo ya bahari ibara kwa ibara. Imo yote.

Maktaba imegawanywa sehemu tatu: mihadhara, nyaraka za kihistoria, na maktaba ya utafiti yenye viungo vya kukupeleka kwenye mikataba, hukumu na majarida. Mihadhara ndiyo inayosifiwa na kila mtu, na inastahili. Majaji na maprofesa wanakaa mbele ya kamera na kukufundisha mada moja taratibu, kama mwalimu asiye na haraka. Ushauri wangu ni mmoja tu: mhadhara wenye toleo la sauti, chukua sauti. Video inakula bando, na sura ya profesa haitakuongezea alama. Mimi husikiliza sauti nikiwa njiani kwenda mahakamani. Sikai zaidi hapo, kwa sababu hazina yenyewe iko sehemu ya pili, ambayo wanafunzi wengi huipita bila kuifungua.

Kwenye nyaraka za kihistoria, kila mkataba mkubwa una ukurasa wake. Unaanza na utangulizi ulioandikwa na mtu anayeijua mada kwa ndani: Karl Zemanek ameandika juu ya Mkataba wa Vienna wa Sheria ya Mikataba, Eileen Denza juu ya uhusiano wa kidiplomasia, James Crawford juu ya wajibu wa nchi inapokosea, Tullio Treves juu ya bahari. Kisha inafuata historia ya utaratibu: nani alipendekeza, azimio gani, kikao kipi, kura ngapi. Halafu nyaraka zenyewe, hali ya mkataba kwa sasa, na picha. Mwanafunzi mvivu atasoma utangulizi na kuondoka. Mimi nawashika hapo kwenye historia ya utaratibu mpaka waizoee.

Kwanza ilibidi waelewe Tume yenyewe inafanya nini. Hati ya Umoja wa Mataifa, ibara ya 13, inalitaka Baraza Kuu kuhimiza mambo mawili: kuiendeleza sheria ya kimataifa hatua kwa hatua, na kuikusanya iandikwe kwa mpangilio. Mwaka 1947 Baraza likaunda Tume ya Sheria ya Kimataifa kwa kazi hiyo, na kikao chake cha kwanza kikafanyika 1949. Wakati huo ilikuwa na wajumbe 15, leo wako 34. Mitihani inapenda sana kuuliza tofauti ya kuendeleza na kukusanya, na vitabu vinaieleza kwa maneno makavu mno. Mimi niliwaeleza kwa dagaa.

Kule Kibirizi, ufukweni mwa Ziwa Tanganyika hapa Kigoma, wavuvi wana kanuni zao. Mwezi ukiwa mpevu hawatoki, kwa sababu dagaa hawaifuati taa mbele ya mwanga wa mwezi. Utawakuta nchi kavu wanashona nyavu. Na chombo kikishawasha taa zake mahali, kingine hakiji kuwasha ubavuni pake. Kanuni hizo hazijaandikwa na zinafuatwa. Sasa wazee wakikaa chini wakasema tuandike, hiyo ni kukusanya. Karabai zilipoanza kupisha taa za betri na za sola, hapakuwa na desturi ya kusema mwanga wa kiasi gani unatosha; ukiweka kanuni hapo, unaendeleza. Ila ngoja, akasema kijana mmoja, "ubavuni" ni hatua ngapi? Ukiandika hatua mia, si umeshatunga jambo ambalo halikuwapo? Nilifurahi mno. Ndiyo shida yenyewe. Tume ina tofauti hiyo kwenye hati yake ya kuanzishwa, ibara ya 15, na yenyewe imekiri kwamba kazini mstari huo haushikiki. Anayeandika desturi hawezi kuiacha kama alivyoikuta. Kwa hiyo ni muhimu sana kujua aliyeshika kalamu ni nani.

Tulipomaliza hapo tukafungua ukurasa wa Mkataba wa Sheria ya Mikataba wa 1969, na kwa mara ya kwanza niliona wanafunzi wanagombania simu. Sheria ya mikataba ilikuwa kwenye orodha ya kwanza kabisa ya Tume, ile ya mada 14 ya mwaka 1949. Maripota maalumu wake, yaani wajumbe wanaopewa kazi ya kuandaa rasimu, walikuwa wanne, mmoja baada ya mwingine: Brierly, Lauterpacht, Fitzmaurice, Waldock. Wote Waingereza. Binti mmoja aliuliza kwa sauti ya chini: kwa hiyo kweli ni sheria yao? Nikamwambia endelea kusoma. Rasimu ya ibara 75 ilikamilika 1966, ikapelekwa kwenye mkutano wa Vienna uliokaa mara mbili, 1968 na 1969. Na pale, kamati ya wajumbe wote, ile iliyopitia rasimu hiyo ibara baada ya ibara, ilikuwa chini ya uenyekiti wa Taslim Olawale Elias wa Nigeria.

Mkutano ule nusura uvunjike. Ugomvi ulikuwa juu ya zile kanuni za juu kabisa, kama katazo la utumwa na la mauaji ya kimbari, ambazo mkataba wowote ukizivunja ni batili. Nchi nyingi changa zilizitaka kanuni hizo. Nchi kadhaa za Magharibi ziliogopa: nani ataamua kanuni ipi ni ya juu? Zilitaka mahakama iwepo. Wengine hawakuitaka mahakama hata kidogo. Siku za mwisho kabisa, nchi kumi za Afrika na Asia, Elias akiwa mbele, zikaweka mezani suluhu: ugomvi wa kanuni hizo za juu uende Mahakama ya Kimataifa ya Haki, mingine iende kwenye usuluhishi. Kenya na Tanzania zilikuwa kati ya hizo kumi. Ndiyo ibara ya 66 ya leo. Kura za mkataba mzima zikapigwa: 79 zimekubali, 19 hazikufungamana na upande wowote, moja imekataa, na hiyo moja ni ya Ufaransa.

Halafu fungua hali ya mkataba utazame Tanzania. Ilijiunga 1976 na kuweka sharti: nchi yoyote itakayojitoa kwenye sehemu ya tano ya mkataba huo, ambayo ndiyo yenye sababu za mkataba kuwa batili, haitaruhusiwa kuitumia ibara ya 66 dhidi ya Tanzania. Ukilisoma sharti hilo peke yake utaona ni ukali usio na sababu. Lisome baada ya historia ya ile suluhu, utaona ni mtu anayelinda makubaliano aliyoyafunga mwenyewe: ukitaka mahakama, chukua na kanuni. Hakuna kitabu nilichosoma chuoni kilichowahi kuniunganishia mambo hayo mawili.

Sasa nifike kwenye jambo lililonifanya niipende maktaba hii kama kitu changu.

Kuna ukurasa wa mkataba ambao watu wengi hawaufungui: Mkataba wa Vienna wa 1978 kuhusu nchi kurithi mikataba. Swali lake ni la mirathi kabisa. Mkoloni ameondoka, nchi mpya imezaliwa. Ile mikataba aliyoisaini yeye juu ya ardhi hii, inamfunga nani? Mimi nashughulika na mirathi kila wiki, nikavutwa. Historia ya utaratibu ikanipa njia: ripota wa kwanza Humphrey Waldock, yule yule wa sheria ya mikataba, baada yake Francis Vallat, na rasimu ya mwisho ya Tume mwaka 1974 pamoja na maelezo ya kila ibara. Nikaifuata rasimu hiyo. Kurasa za zamani ni picha zilizopigwa skani, safu mbili za maandishi madogo, aya zenye namba kwenye mabano na tanbihi zinazojaza nusu ya ukurasa. Kwenye simu inabidi uzivute kwa vidole viwili, upande wa kushoto kwanza, kisha kulia. Umeme ulikuwa umekatika, nasoma gizani na mwanga wa simu. Nilipofika maelezo ya ibara ya 12, ile ya haki zinazoshikamana na ardhi yenyewe, nikaliona neno Kigoma.

Nilirudia kulisoma. Kigoma yetu hii.

Babu yangu alikuwa kuli bandarini, na tangu utoto nilimsikia akitaja "Belibesi" kama mtu anavyotaja mtaa. Nilidhani ni jina la ghala. Kumbe ni Belbase, yaani kituo cha Wabelgiji, na ni jambo zito. Mwaka 1921 Uingereza na Ubelgiji waliwekeana mkataba: Ubelgiji ipewe maeneo ya bandari Kigoma na Dar es Salaam, ili mizigo ya Kongo na ya Ruanda-Urundi ipite kwa reli ya kati hadi baharini. Pango: faranga moja kwa mwaka. Muda: milele. Mkataba mwingine ukaongezwa 1951. Sisi wenye ardhi hatukuwemo kwenye chumba.

Nyerere alilizungumza jambo hilo bungeni tarehe 30 Novemba 1961, siku tisa kabla ya uhuru. Hoja yake wakili yeyote wa mirathi wa wilayani ataielewa bila kamusi. Uingereza haikuwa mmiliki wa Tanganyika. Iliishika kwa udhamini, kwanza chini ya Shirikisho la Mataifa, baadaye chini ya Umoja wa Mataifa, na udhamini una mwisho wake. Mwenye mamlaka ya muda hawezi kutoa haki ya milele. Kila mwaka nawaambia ndugu waliokabidhiwa mali ya yatima maneno hayo hayo: umepewa kiwanja ukitunze mpaka mtoto akue, huna uwezo wa kumpangisha jirani maisha. Niliposoma kwamba hoja hiyo, ya kiwanja cha bandari nilikochezea utotoni, ilipimwa na wanasheria wa dunia nzima wakiwa Geneva, niliweka simu chini nikakaa kimya.

Na Nyerere hakuishia hapo. Siku ya uhuru, 9 Desemba 1961, Tanganyika ilimwandikia Katibu Mkuu wa Umoja wa Mataifa ikaeleza msimamo wake. Ile mikataba ya nchi mbili mbili ambayo Uingereza iliisaini kwa niaba yetu, tutaendelea kuiheshimu kwa miaka miwili, nanyi mkituheshimu. Ndani ya miaka hiyo tutazungumza, mmoja mmoja. Ikiisha, ule tusioukubali na ambao desturi ya kimataifa haiudumishi, umekufa. Mikataba ya nchi nyingi tutaipitia mmoja baada ya mwingine. Kabla ya hapo mtindo uliozoeleka ulikuwa nchi mpya kusaini waraka wa kurithi kila kitu kabla hata haijajua kuna nini ndani. Uganda, Kenya na Burundi zikafuata njia ya Tanganyika, kila moja na marekebisho yake. Tarehe 4 Julai 1962 Tanganyika ikaziandikia Uingereza, Misri na Sudan kwamba makubaliano ya maji ya Nile ya mwaka 1929, yale yaliyotaka Misri ikubali kwanza kabla mtu hajajenga juu ya mto au maziwa yake chochote cha kudhuru maji yake, hayaifungi. Misri ikajibu kwamba yanaifunga. Ugomvi huo nao umo kwenye maelezo ya ibara hiyo ya 12, jirani kabisa na Kigoma.

Tume ilipoandika rasimu yake, ikaweka kanuni kwamba nchi iliyopata uhuru mpya haifungwi na mkataba kwa sababu tu ulitumika kwenye ardhi yake zamani. Ni ibara ya 16 ya mkataba wa 1978. Vilivyoachwa vibaki kama vilivyo ni mipaka na zile haki za ibara ya 12 zinazoshikamana na ardhi yenyewe; na la mipaka Umoja wa Nchi Huru za Afrika ulikuwa umeshaliamua Cairo 1964, tena kwa pendekezo la Nyerere. Sisemi Nyerere peke yake ndiye aliyeleta ibara ya 16; maripota walikusanya barua na desturi za nchi nyingi. Lakini kwenye lile rundo walilolifanyia kazi, barua yetu imo, na imejadiliwa kwa uzito. Kijana ambaye mama yake anauza vitenge kati ya Kigoma na Uvira aliuliza swali ambalo silisahau: na wale wa ng'ambo ya ziwa, bandari ilikuwa njia yao ya kutoka, wao walisemaje? Tulitumia jioni tatu kwenye swali hilo moja. Mtu mwenye ndugu pande zote mbili za ziwa hawezi kulisoma jambo hili kama ushindi mtupu.

Nisiwadanganye: mkataba huo wa 1978 ulianza kutumika 1996 tu, nchi zilizojiunga hazifiki thelathini, na Tanzania haimo. Misri na Ethiopia zimo. Ndilo somo jingine ambalo ukurasa wa hali ya mkataba unalifundisha haraka: kazi nzuri ya Tume si lazima izae mkataba unaopendwa. Zile ibara za wajibu wa nchi zinapokosea, za mwaka 2001, hazijawahi kuwa mkataba mpaka leo, na mahakama zinazitumia kila mara. Hapo soma utangulizi wa Crawford, kisha urudie.

Nimesema kuhusu bahari. Wale mliosoma mpaka hapa mkiwa Mombasa au Lamu, fuatilieni kwenye nyaraka za 1982 jinsi ukanda wa kiuchumi ulivyoingia. Wazo hilo Kenya ililipeleka Lagos Januari 1972, kwenye kamati ya wanasheria wa Asia na Afrika, na Agosti mwaka huo huo likawasilishwa Geneva kama rasimu ya ibara. Mtu aliyelibeba ni Frank Njenga, ambaye baadaye alikuwa mjumbe wa Tume. Ile sura iliyokosekana kwenye kopi yangu ya springi mwanzo wake ni Mkenya. Na kwenye Tume yenyewe watu wa kwetu wamekaa: Profesa Chris Maina Peter wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam alikuwemo kuanzia 2012 hadi 2022, na Phoebe Okowa wa Kenya alichaguliwa 2021. Wasichana wanaokuja barazani nawaambia pia kwamba wanawake wa kwanza kuchaguliwa kwenye Tume, Hanqin Xue wa China na Paula Escarameia wa Ureno, walichaguliwa 2001. Miaka zaidi ya hamsini bila mwanamke hata mmoja. Hilo linanikera na nalisema wazi.

Kasoro ya maktaba ni moja kubwa, nayo ni lugha. Umoja wa Mataifa una lugha rasmi sita, na Kiswahili si mojawapo. Mihadhara mingi ni ya Kiingereza, inafuata ya Kifaransa. UNESCO imetenga tarehe 7 Julai kuwa Siku ya Kiswahili Duniani, na redio ya Umoja wa Mataifa inatangaza kwa Kiswahili miaka nenda rudi. Lakini mwanafunzi wa Kigoma, wa Bukavu au wa Bujumbura anayetaka kusoma historia ya bandari yake mwenyewe lazima apitie lugha ya wale waliopangishana bandari hiyo. Sioni kwa nini tangulizi, ambazo ni kurasa chache tu kila moja, zisitafsiriwe. Vyuo vyetu vya sheria vina walimu wanaoweza kazi hiyo, na idara za Kiswahili ziko jengo la pili.

Uzito wa kasoro hiyo niliuona kwa Mzee mmoja jirani yangu, aliyekuwa mwendesha winchi bandarini tangu enzi za wakoloni mpaka alipostaafu. Nilikwenda na simu, nikampa shikamoo, nikamwambia nimekuletea habari za Belibesi. Nikamsomea zile aya, natafsiri mstari kwa mstari. Alisikiliza ameinamia fimbo yake. Kwenye faranga moja kwa mwaka aliinua kichwa akasema, "Rudia hapo, mwanangu." Nikarudia. Akanyamaza kidogo, akaniuliza, "Na hayo yameandikwa Kiswahili wapi, nimpe mjukuu anisomee ukishaondoka?" Sikuwa na jibu la kumpa.

Kwa hiyo nimenunua kaunta buku, naandika tafsiri ya maelezo ya ibara ya 12 kwa mkono, wanafunzi wanaichapa likizo ikifika. Tumebishana wiki nzima juu ya neno moja tu, lile la kuikusanya sheria na kuiandika kwa mpangilio, na bado hatujakubaliana. Tumefika nusu. Jumamosi jioni nasoma kwa sauti tulichomaliza, Mzee huletewa kiti, na tayari ametusahihisha mahali reli ya winchi ilipokuwa ikiishia.

Alama zangu: nyota nne kati ya tano. Ya tano nitaitoa siku utangulizi wa kwanza utakapotoka kwa Kiswahili. Ukitaka kuanza leo, usianze na mihadhara. Fungua nyaraka za kihistoria, chagua mkataba wa 1978, soma historia ya utaratibu yote, kisha ufuate rasimu ya 1974 mpaka ibara ya 12. Pakua alfajiri wakati mtandao haujaelemewa, maana mafaili yale ya skani ni mazito, na uyahifadhi kwenye simu usije ukayapakua mara mbili.